Wakia Nne

Ghala letu liko Maabela, nyuma ya wauza mabati,
mlango wa tatu ukitoka kwa fundi wa mageti.
Humo mna vikombe milioni na ushei,
na siku lori liliporudi kinyumenyume likagonga rafu
hakikuvunjika kitu.

Mimi ndiye mwenye daftari.
Mwaka juzi tuliuza sana wakia kumi na mbili,
vya karak ya barabarani: hupigi honi mara ya pili,
chai imeshapita dirishani mwa gari.
Mwaka huu kilichopanda ni kidogo, wakia nne,
kile cha kahawa, kinachokaa kwenye vidole vitatu.
Kinapanda Ruwi, kinapanda Suhari,
kinapanda zaidi huko alikozaliwa baba,
nami nimefika mara moja tu, harusini, siku sita.

"Sababu?" huuliza tajiri, Bwana Thuwaini,
akitaka neno la kubandika kwenye mchoro wake.
Namwambia: maji ya kuoshea yamekuwa ghali,
maradhi yametufunza kuogopa mdomo wa jirani,
na vijana hawataki kuosha.
La kwanza anaandika. La pili anaandika.
La tatu anacheka, anaagiza chai.

Shofiq, mpanga maboksi, ana hesabu yake:
boksi moja vikombe elfu, maboksi arobaini kabla ya adhuhuri.
Chai yake mwenyewe hunywea gilasi iliyokuwa ya jemu.

Mwezi wa Rajabu alifariki ami Sleyum, kule Ibra.
Nilipeleka maboksi mawili, mkono wa pole.
Shangazi Raya aliyatazama
kama mtu aliyeletewa viatu vya mwenzake,
akasema, "Haya. Wageni ni wengi."

Kwetu finjani hutikiswa:
ukitosheka unaitikisa kidogo, kulia, kushoto,
anayemimina anafahamu, anapita.
Bibi mmoja mwenye ukungu machoni
akatikisa karatasi.
Binti aliyeshika mdila, wa juzi huyu,
hakuelewa. Akamimina.
Bibi akatikisa. Akamiminiwa.
Mara ya nne kahawa ikamwagikia buibui lake
na bado hakutamka kitu,
maana mkono ukishasema
mdomo haurudii.

Nilikuwa nimeketi mkabala. Nilikuwa nahesabu.
Finjani kumi na mbili zingetosha chumba kile siku zote tatu.
Vilitupwa mia sita na kitu.
Nikaona haya,
kisha nikakumbuka ada ya chuo ya mdogo wangu Muzna
inatoka humo humo,
na haya ikanywea, haikuondoka.

Jana sauti imeingia kwenye simu: Hizza wa Tanga,
anayewapa mali wauza kahawa wa Ngamiani.
"Dada, mzigo umefika, hauna kasoro.
Ila kikombe chako ni bubu.
Vijana wangu wanapita, hawana cha kugonga,
watu wamekaa barazani hawana habari,
wanashtuka kahawa imeshapinda kona.
Mauzo yameshuka robo."

Nikamuuliza, sasa itakuwaje? Nikadhani anarudisha mzigo.
"Turudishe? Nani atatembea na ndoo ya maji?
Leta mia mbili nyingine.
Nimemwambia kila mmoja abebe na viwili vya zamani,
vya udongo, havinywewi.
Kazi yao kulia tu."

Nimeandika, kwa wino, chini ya Tanga:
maboksi mia mbili, wakia nne, vyeupe, visivyo na chapa.
Pembeni, kwa herufi ndogo:
na viwili vya kugonga.
Bwana Thuwaini ataniuliza hilo linaingia safu gani,
mapato au hasara.
Bado sijajua.
Nimechukua gilasi ya Shofiq mezani,
nimeigonga kwa kalamu mara moja,
na ghala zima, milioni na ushei,
likanyamaza zaidi.